Mtani Aliyelala Kaburini

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Najua watu wengi hustaafu wakiwa na mvi, lakini neno hilo alilitumia Bwana Wakili mwenyewe, nami sina tabia ya kubishana na wakubwa. Alisema, "Karani, umestaafu," nikamrudishia ufunguo wa kabati. Kazi yangu yote ilichukua miezi ishirini na moja.

Naandika haya Kibaha, nyumbani kwa mjomba, kwa ajili ya Abdu aliyeshika kiti changu. Abdu ametoka Tanga, hajawazoea watu wa upande wetu, na ameniandikia barua ya kuuliza kazi ya ukarani wa baraza inafanywaje. Mwishoni ameuliza pia juu ya sentensi ya mwisho ya mkono wangu katika daftari la kesi, ambayo imekatika katikati, naye hajui aimalizie vipi. Barua yake ni ya kurasa mbili na nadhani aliiandika chai ikiwa bado moto. Jibu langu nililianza mwezi wa Rajabu. Sasa tumo katika Shaabani nami nimefika hapa. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikupata. Mshahara sitautaja kwa sababu, Abdu, umeshauona.

Siku ya kwanza nilifika barazani alfajiri nikajificha nyuma ya mnazi mpaka watu wengine watangulie, maana mimi ni mtu wa haya. Baraza letu lipo upande wa Kurui, nyumba nyeupe yenye ukuta unaofika kiunoni, ili walio nje wasikie kesi bila kuingia, na mbuzi waingie bila kusikia kesi. Wakili kwetu si mwanasheria. Ni mkubwa wa eneo anayeamua kesi ndogondogo. Chini yake wapo majumbe wa vijiji, na juu yake yupo Bwana Shauri, Mwingereza wa Boma la Kisarawe, ambaye kila mwisho wa mwezi hulisoma daftari letu kuona kama tumeamua sawa.

Bwana Wakili alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Aliniuliza, "Umesoma mpaka la ngapi?"

"La nne, Bwana."

"Kuandika unajua?"

"Najua, ila naandika polepole."

"Polepole si neno. Hapa hatuna haraka."

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu hakuyarudia tena.

Upolepole wangu una asili yake. Mwalimu wetu wa shule alikuwa na desturi ya kumchapa mtu kiboko kimoja kwa kila doa la wino. Tangu hapo nachovya kalamu kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji: kidogo, nangoja, nafuta ukingo wa chupa, kisha ndipo naandika. Nibu ya kalamu utakayoikuta kabatini, ile iliyopinda kidogo kushoto, usiitupe. Ukiishika kwa upande haimwagi hata tone. Chupa ya wino uifunge kila mara, kwa sababu yupo mbuzi mmoja mweupe mwenye ndevu ambaye ameizoea, na kuna wiki alizunguka kijiji kizima na midomo ya rangi ya samawati watu wakidhani ni ugonjwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Feruzi, tarishi wa baraza, ambaye bila shaka umeshamwona kwa kofia yake nyekundu iliyopoteza shada. Yeye hajui kusoma wala kuandika, na amewafundisha makarani wote waliopita. Asubuhi ile nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha.

"Sikiliza, mwanangu. Matusi yaandike. Machozi usiyaandike. Utani usiuandike."

"Kwa nini, baba?"

"Tusi lina faini. Machozi hayana shahidi. Na utani hauna kesi tangu dunia iumbwe."

Nikayashika maneno hayo kama sura ya Kurani. Baadaye nitakueleza yalikonifikisha.

Utaratibu wa baraza ulikuwa hivi: mtu anasema sentensi moja, ananyamaza, karani anaandika, karani akimaliza anasema "haya," na mtu anaendelea. Makarani wa zamani walisema "haya" kabla mtu hajafunga mdomo. Kwangu mimi watu waliweza kutoka nje, kutafuna kipande cha muwa, na kurudi. Ilikuja kesi ya mama mmoja aliyetaka talaka. Alisimama amevimba kwa hasira akasema, "Mume wangu ameniita kisiki." Nikaanza kuandika. Nilipokuwa kwenye "ameniita," mama akamtazama mumewe, aliyekuwa amekaa upande wa pili na kanzu iliyopasuka begani. Nilipofika "kisiki" alikuwa amemsogelea anaitazama ile kanzu.

"Jana ulikula nini?" akamwuliza.

"Mihogo mibichi."

"Nani kakupa mihogo mibichi na tumbo lako lile?"

Niliposema "haya," walikuwa wameshafika kwenye njia ya kwao. Mzee Feruzi alisema kalamu yangu ina baraka. Bwana Wakili alisema amekaa kwenye kiti tangu asubuhi na hajaamua kitu. Ndiye aliyenipa jina la Kobe. Majumbe wakalichukua, watoto wakalichukua kwa majumbe, na mwishowe hata mama yangu alikuwa akijisahau.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu. Ilikuwa moja tu, lakini ilitosha.

Wewe umetoka Tanga, kwa hiyo lazima nikueleze kwanza habari ya watani. Sisi Wazaramo watani wetu ni Wanyamwezi, tangu enzi za misafara, wao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na kulala vijijini kwetu. Mtani anaweza kukuita jina lolote, akachukua kuku wako, akakaa kwenye kiti chako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wazee wanakutoza wewe. Msibani ndiyo kabisa. Mtani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayewachekesha wafiwa, na akipenda huingia ndani ya kaburi akalala, asitoke mpaka apewe anachotaka. Mazishi yasiyo na mtani watu huyaona yamepwaya, kama harusi isiyo na ngoma.

Maganga alikuwa Mnyamwezi wa Vihingo. Babu yake alishuka na mzigo, akapenda mahali, akautua, hakuuinua tena. Maganga mwenyewe alizaliwa Vihingo, alikuwa na umri kama wangu, na alitengeneza baiskeli chini ya banda la makuti. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na alikuwa mtu wa chama, kile cha kudai uhuru. Kila alipopata nafasi aliendesha baiskeli mpaka Kibaha, barabara ya Morogoro, akachukua kadi za chama kwa wenzake, akarudi nazo ndani ya mfuko wa pampu. Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja: kusimama mbele ya watu wa Vihingo na kusema. Lakini sheria ilisema mkutano lazima uwe na kibali, na kibali hupitia kwa Jumbe. Maganga aliomba mara tatu. Mara ya kwanza Jumbe alisema mvua inakuja. Mara ya pili alisema mvua imekuja. Mara ya tatu alisema watu wanalima.

Basi Jumbe akafiwa na mjomba wake. Maganga akaenda msibani kama mtani, akachimba kaburi na wenzake, na lilipokuwa tayari akalala ndani yake, mikono kifuani. Watu wakaanza kucheka. Wakamrushia kuku, akamrudisha. Wakamrushia kanga, akajifunika. Kisha akaanza kusema kutoka kule chini. Alisema serikali inamlazimisha kila mwenye nyumba kulima shamba la muhogo, hata yule ambaye ardhi yake haioteshi hata magugu. Alisema huyu mzee anayezikwa leo ndiye mtu wa kwanza wa Vihingo kupewa kipande cha ardhi bila kuambiwa apande nini. Alisema watu wajiunge na chama. Akatoa mfuko wa pampu akaanza kupitisha kadi juu, mkono mmoja mmoja, kama mtu anayeuza andazi dirishani. Jumbe alicheka mpaka akashika kiuno. Maganga akatoka, mzee akazikwa, watu wakala, wakaenda zao.

Shida ilikuja baada ya siku chache, Bwana Shauri alipomwandikia Jumbe kumwuliza ni mkutano gani huo uliofanyika Vihingo bila kibali, na yeye Jumbe alikuwa wapi. Jumbe akaogopa. Akajibu kwamba alikuwepo, na kwamba alikasirika sana. Bwana Shauri akaagiza Maganga ashitakiwe barazani kwetu.

Siku ya kesi ukuta wa baraza haukuonekana kwa watu. Wengine walikuja na chakula, kwa kuwa karani walimjua.

Bwana Wakili akaanza, "Mshitakiwa, jina lako nani?"

"Leo umenisahau, mtani? Mimi Maganga. Babu yangu alimvusha babu yako mto Ruvu mgongoni, akasema pembe za ndovu ni nyepesi zaidi."

Watu wakacheka. Bwana Wakili naye akacheka, tumbo likaitikisa meza, nami nikaiwahi chupa ya wino. Kisha nikaandika: *Jina lake Maganga.* Nikasema "haya."

Jumbe akasimama kutoa ushahidi. Alisema, "Aliingia kaburini akalala." Nikaandika. Alisema, "Akasema maneno juu ya shamba la muhogo." Nikaandika. Alisema, "Akagawa kadi za chama."

"Na wewe Jumbe ulifanya nini?" akauliza Bwana Wakili.

"Mimi nilikasirika."

Watu wakaguna. Mzee mmoja nje ya ukuta akasema, "Jumbe mzima kakasirishwa na mtani? Mtozeni mbuzi."

Maganga akasema, "Mtani wangu Jumbe, usiseme uongo mchana. Ulicheka ukainama, ukainama tena, kofia yako ikaniangukia usoni kaburini. Nilidhani ndiyo malipo yangu." Akaingiza mkono ndani ya shati akatoa kofia ya Jumbe, ya viua, imekunjwa vizuri, ikiwa bado na udongo.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Yule mbuzi mweupe alitoka mbio. Bwana Wakili alijifuta machozi kwa kofia yenyewe kabla ya kumrudishia Jumbe. Nami nilikaa na kalamu mkononi. Nilijua moyoni mwangu kwamba ile kofia ni ushahidi. Mtu aliyekasirika kofia haimdondoki namna ile. Lakini ilikuja ndani ya utani, na utani hauandikwi. Nikamtazama Mzee Feruzi. Akatikisa kichwa. Nilitaka kuuliza kwa sauti, lakini kulikuwa na watu wengi na wote wangenitazama. Nikaandika: *Jumbe alikasirika.* Nikasema "haya."

Kesi ilimalizika siku ya tatu. Bwana Wakili akaniambia nisome yote kabla hajaamua. Kusoma nasoma haraka kidogo. Nilisoma hivi: Maganga aliingia kaburini. Alisema serikali inawalazimisha watu. Aliwaambia watu wajiunge na chama. Aligawa kadi. Jumbe alikasirika.

 Siku tatu watu walikuwa wamecheka mpaka mbavu zinauma, na katika daftari hapakuwa na hata tabasamu. Maganga mwenyewe alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anasikia habari za mtu wa mji mwingine.

"Mtani," Maganga akamwambia Bwana Wakili, "huyo mtu ni wa hatari. Mfunge."

Hakuna aliyecheka. Bwana Wakili alizungusha pete kidoleni. Kisha akasema kwa ile sauti yake nyembamba, "Bwana Shauri atasoma daftari. Hatasoma kicheko changu." Akamfunga miezi miwili.

Ndivyo nilivyomfunga Maganga, Abdu. Bwana Wakili alitamka tu.

Kifungo chenyewe alikitumikia palepale, katika chumba kilicho nyuma ya baraza, ambacho sasa nasikia mmeweka magunia. Ufunguo alikuwa nao Mzee Feruzi. Mchana Maganga alipalilia shamba la muhogo la baraza, lile lile la amri ya serikali, na jioni wanawake wa Kurui walimletea chakula, kwa kuwa mtani akipatwa na shida ni juu yetu kumlisha. Alikula na kulalamika. "Nyie Wazaramo wali mnaupika kwa nazi, maharage kwa nazi, kisamvu kwa nazi. Nikitoka humu nitakuwa na makuti kichwani." Alinenepa. Mzee Feruzi alimbadilishia shati la kifungo mara mbili.

Mimi nilikuwa nikipita dirishani kwake kila siku nikitaka kumwomba radhi, na kila siku nikapita. Wiki ya tatu akaniita mwenyewe.

"Karani Kobe, njoo. Uliniandika vizuri, mwandiko mzuri kabisa. Umesahau kitu kimoja tu, kwamba nilikuwa nachekesha."

"Utani hauandikwi," nikasema.

"Nani kakwambia?"

"Mzee Feruzi."

"Mzee Feruzi hajui kusoma. Amejuaje kisichoandikwa?"

 Nikamwambia naona haya kwa yaliyompata. Akasema, "Kufungwa si kitu, hapa nanenepa. Kinachoniuma ni kwamba bado sijasema na watu nikiwa nimesimama. Mara moja tu nimesema, na nilikuwa nimelala chali. Mimi nataka kibali, Kobe. Kibali kimoja, chenye muhuri, nisimame."

Zilipobaki siku kumi na tisa kifungo chake kiishe, Bi Tatu akafariki. Bi Tatu alikuwa bibi yake Bwana Wakili, mama wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Alikuwa mzee kiasi kwamba hakuna aliyebaki wa kumwita kwa jina bila kutanguliza Bi, na alipenda mizaha kuliko sukari. Siku zake za mwisho alimwambia Bwana Wakili, "Mimi nisizikwe kimyakimya kama mwizi. Nataka watani."

Bwana Wakili akatafuta Mnyamwezi. Alimpata mmoja kule Mlandizi, lakini huyo alikuwa amekuwa mcha Mungu sana, akasema ameacha mizaha. Waliobaki walikuwa mbali. Mnyamwezi aliyekuwa karibu alikuwa nyuma ya baraza, amefungwa na Bwana Wakili mwenyewe.

Mzee Feruzi alitumwa kufungua mlango. "Umetolewa kwa ajili ya kuzika," akamwambia. "Ukimaliza kuzika unarudi."

"Na nikikataa?"

"Bibi atazikwa kimyakimya."

Maganga akaacha mzaha akasema, "Hapana, hilo haliwezekani. Yule bibi aliniita nyani tangu nikiwa na miaka mitano." Akachukua jembe.

Tulizika baada ya Adhuhuri. Maganga alichimba akiwa na shati la kifungo, akachimba vizuri, kuta zimenyooka, na lilipokuwa tayari wachimbaji wenzake wakapanda juu, yeye akabaki. Akajilaza, mikono kifuani.

Watu walikuwa wakimngoja kwa hilo. Wakacheka, na Bwana Wakili, ambaye hakuwa ameinua uso tangu asubuhi, akacheka pia huku machozi yanamtoka. Nadhani Bi Tatu angefurahi.

"Haya, toka, mtani," akasema.

"Nitoke niende wapi? Ukinitoa hapa unanirudisha kule. Hapa pana upepo."

Wakamrushia kuku. Akamrudisha.

"Basi unataka nini?"

"Kibali cha mkutano."

Kicheko kikakatika. Jumbe akashika kofia yake kwa mikono miwili. Shehe akasema maiti hacheleweshwi. Wazee wa nyuma wakasema, "Mpe, Wakili. Bibi anangoja." Mtani akiwa kaburini hakuna namna ya kumvuta kwa nguvu. Tangu zamani haijafanyika, na hapakuwa na aliyetaka ianze kwenye mazishi ya Bi Tatu. Bwana Wakili akafikiri, jasho linamtiririka, kisha nikaona uso wake unang'aa kama mtu aliyeiona njia ya mkato.

"Nitakupa," akasema. "Wote mnanisikia? Kibali kitaandikwa sasa hivi, hapa hapa. Mkutano unaanza karani akianza kuandika, na unakwisha karani akigonga muhuri. Ukigongwa muhuri unatoka, tunamzika bibi, na hufungui mdomo mpaka kifungo chako kiishe."

"Nimekubali," likasema kaburi.

Bwana Wakili akatutazama kwa kuridhika. Jumbe, aliyekwisha kukaa katika kesi nyingi mbele yangu, alikuwa ameshika kichwa. Akamsogelea akanong'ona, lakini sisi tuliokuwa karibu tulisikia.

"Bwana Wakili. Karani yupi?"

Bwana Wakili akageuka taratibu akanitazama. Lakini neno lilikuwa limetoka, mbele ya mtani na mbele ya maiti, na neno la namna hiyo halirudishwi.

Nilikaa juu ya lundo la udongo. Mzee Feruzi akaleta karatasi na muhuri kutoka barazani, akanigeuzia karai liwe meza. Nikafungua leso nikatoa chupa ya wino, nikaikung'uta, nikaifungua, nikafuta ukingo. Nikachovya. Nikaandika K.

Maganga akasimama. Kaburi lilimfika kifuani, kwa hiyo watu walimwona kichwa na mabega na mikono, na mikono ilimtosha. Alianza na mizaha juu ya wali wa nazi, kisha akaingia kwenye muhogo. Aliuliza kwa nini mtu anayelima tangu babu yake aelekezwe pa kulima na mtu ambaye hajawahi kushika jembe. Aliuliza kwa nini watoto wetu shule inawaishia la nne, na hapo akaninyooshea mkono, akasema, "Mtazameni huyu, ana akili ya kujaza gunia, wamempa kibaba." Nikaona haya, nikaandika kwa makini zaidi. Aliuliza kwa nini mtu aombe ruhusa ya kukaa na jirani zake na kuongea, na kama ruhusa hiyo ni ya kweli, mbona imepatikana ndani ya kaburi.

"Karani, fanya upesi," akasema Bwana Wakili.

"Naandika, Bwana."

Jumbe akaja kuchungulia begani kwangu. "Ameandika neno moja na nusu," akawatangazia watu.

Shehe akaketi chini.

Watu wanasema nilifanya kusudi. Bwana Wakili anasema hivyo mpaka leo. Nimestaafu sasa, kwa hiyo nitakuambia ukweli, Abdu: niliandika kwa mwendo wangu wa siku zote. Ila kabla ya kila mstari nilipiga rula.

Na kuna jambo jingine. Nilipomaliza sehemu yenyewe ya kibali, Mzee Feruzi alikuwa ameshanyoosha muhuri. Sikuupokea. Maganga alikuwa akimweleza Jumbe jinsi yeye Jumbe atakavyoiomba mvua kibali siku mvua itakapochukua cheo chake, na watu walikuwa wamejiachia kabisa, na niliinua macho nikaona kitu. Nikachovya tena. Chini ya kibali nikaandika: *Watu walicheka. Bwana Wakili alicheka. Jumbe alicheka, na kofia yake imeanguka kaburini mara ya pili.*

Mzee Feruzi hajui kusoma, lakini aliyatazama maneno yale kwa muda. "Hayo ni ya kibali?" akauliza.

"Ni utani, baba."

Akanipa muhuri.

Nilipougonga, Maganga alikuwa katikati ya neno. Akafunga mdomo neno likiwa nusu ndani. Akampa Jumbe kofia yake, akainua mikono, na badala ya kutoka akabaki palepale kumpokea Bi Tatu. Alimshusha taratibu, akamlaza, akamtengeneza vizuri upande wa kibla. Hapo hakucheka mtu.

Siku kumi na tisa zilizobaki Maganga alitimiza ahadi yake. Hakusema kitu. Alipalilia kimya, alikula wali wa nazi kimya, na kijiji kizima kikaona kama kuna mgonjwa. Mwishowe Bwana Wakili mwenyewe alikuwa akienda dirishani kumchokoza, "Wewe mpagazi, umezima?" Maganga akanyoosha vidole juu, kuonyesha siku zilizobaki.

Siku ya kutoka nilikuwa mezani nikiandika habari hiyo katika daftari, kama inavyotakiwa. Bwana Wakili alikuwa kwenye kiti chake. Maganga alivua shati la kifungo, akavaa lake, halikumwenea tena. Akaja mpaka mlangoni, akafungua mdomo, akasema neno lake la kwanza. Nami nilikuwa katikati ya sentensi hiyo hiyo Bwana Wakili aliponigeukia akaniambia nimestaafu. Nikamwuliza kama nimalizie mstari. Aliutazama mstari, akalitazama jua, akasema atakayekuja ataumalizia.

Basi Abdu, sentensi uliyoniuliza inaanza hivi: *Mfungwa Maganga ameachiwa leo, na alipofika mlangoni ali*. Chukua ile nibu iliyopinda, ishike kwa upande, na umalizie hivi: *mwomba Bwana Wakili kibali kingine, akasema hana haraka, ila kiandikwe na karani huyu huyu.*